Sindano ya Kwanza kwa Mama Mkwe

Baada ya miaka ishirini na saba ya kuitumikia maabara yetu ya jenetiki hapa Faisalabad, Bi. Zubaida Kausar, muuguzi na mnasihi wa familia, atastaafu tarehe 30 Aprili. Sisi sote humwita Baji, dada mkubwa, hata Mkurugenzi ambaye amemzidi umri.

Alipoajiriwa, maabara ilikuwa vyumba viwili na jokofu lililonguruma hata watu wakalazimika kupaza sauti. Damu ililetwa kutoka vijijini ndani ya ndoo ya barafu, na Baji aliipakata garini kama mtoto mchanga. Dereva wetu, Bw. Bashir, bado husimulia alivyogombezwa kwa kila shimo la barabarani, kana kwamba yeye ndiye aliyelichimba.

Kazi yake ilikuwa na familia zenye watoto waliozaliwa na vichwa vidogo. Jeni yenyewe, CDK5RAP2, hakuitaja vijijini. Alionyesha kitanda cha kamba. Seli inapogawanyika, alieleza, ni kama wasukaji wawili wanaovuta kamba kutoka pande mbili, na jeni hii humsaidia kila mmoja kukaa mahali pake. Mtoto akirithi nakala mbovu kwa baba na nyingine kwa mama, wasukaji huyumba, na ubongo wake tumboni haupati seli za kutosha.

Wengi tutamkumbuka kwa kanuni moja: sindano ya kwanza ni ya mama mkwe. Kanuni hiyo ilizaliwa karibu na Jhang, katika familia iliyoturuhusu kuisimulia tukibadili majina. Daktari wetu mmoja alitaka kuanza na Tahira, mama wa mtoto. Ua mzima ukamgeukia Tahira. Kwao, anayechomwa kwanza ndiye mwenye kosa.

“Si nilisema?” akasema mama mkwe, Bi. Sardaran. “Ugonjwa ulikuja ndani ya sanduku lake la harusi. Kesho arudi kwao.”

Tahira aliolewa kwa ndoa ya kubadilishana. Kaka yake alimwoa binti wa Bi. Sardaran. Mmoja akirudishwa, na mwingine hurudishwa. Nyumba mbili zilikuwa zinavunjika.

Baji alimzuia daktari, akaketi kando ya bibi huyo. “Mama mkubwa, tuanze na wewe. Nipe mkono.”

“Mkono wangu una nini? Nimezaa wanaume watano, vichwa kama matikiti.”

“Ndiyo maana nautaka. Au unaogopa sindano, na majirani wanatazama?”

Majirani walicheka, mkono ukatolewa. Akafuata mwanawe, mume wa Tahira, na Tahira akawa wa mwisho.

Majibu yalipotoka, Bi. Sardaran mwenyewe alitaka yasomwe mbele ya wote. Yeye na mwanawe walibeba nakala mbovu, sawasawa na Tahira. Akamgeukia mkwewe. “Nipe huyo mtoto, umechoka mikono. Nawe nenda kaweke chai.”

Ndoa zote mbili zipo hadi leo.

Baji ameshawafundisha wauguzi wawili wa kumrithi. Bado wanawaogopa wakwe wakali, lakini wanaanza nao.

Tunakushukuru kwa subira yako, na tunakuombea afya na usingizi wa mchana usiokatizwa huko Sargodha unakokwenda kupumzika. Ishi salama katika nyumba yako, Baji, wewe uliyewabakisha wengi katika zao.