Leseni ya Mchu, si ya Chombo

Assalaam alaikum, ndugu zangu wa visiwani, wa Chula, wa Kudha, wa Darakasi na wa mji huu wa Kismayo. Leo tumekuja kumuaga mwenzetu, na pilau inanukia hadi huku mbele, kwa hiyo najua hamtaki mzee mwenye maneno mengi. Nivumilieni kidogo. Mwenye kuagwa ameniomba nisimulie yaliyotokea ofisini, maana yeye, asema, akianza atacheka asimalize. Majina ya watu sitayataja. Nanyi mnaojua, nyamazeni.

Wengi mnanijua kwa boti langu. Lilipakia abiria na magunia kutoka hapa mpaka visiwani, na leseni yake niliibandika kwenye kioo mbele ya usukani. Leo naendesha mimi, kesho mdogo wangu, keshokutwa shemeji. Askari wa bandari hakuuliza nani anaendesha. Alitazama ile karatasi akasema piteni. Hayo ndiyo niliyoyajua kuhusu leseni, na ndiyo yaliyokuja kuniponza.

Vita vilipoingia, boti likachukuliwa, nyumba ikachukuliwa, tukakimbilia Mombasa, kisha kambi ya wakimbizi. Kule kambini, mnakumbuka, hukuitwa kwa jina. Ulikuwa namba ya kadi. Mimi niliyesoma sekondari, niliyekuwa nikiitwa kutoka ufukweni kabla sijatia nanga, nikawa nasimama kwenye foleni ya mahindi kungoja namba yangu isomwe. Jambo hilo niliondoka nalo kambini.

Tuliporudi, jumuiya yetu ikafungua ofisi hapa mjini, mkanichagua mwenyekiti. Jamaa zetu wa Ulaya wakatuletea kompyuta, na programu ya kuandikia tukawa tunailipia kila mwezi. Muuzaji wa programu hiyo, aliye Mombasa, akaanza kunieleza kwa simu kwamba kompyuta zinazotumiwa na watu wengi zina leseni ya namna yake, kila mfanyakazi anaingia kwa jina lake. Nikamkatiza. Nikachukua leseni moja, ya jina langu, nikaiingiza kwenye mashine zote.

Karani wetu akaniambia, "Mwenyekiti, yule mtu hakusema hivyo."

"Boti langu lilikuwa na leseni ngapi?"

"Sijui. Nilikuwa sijazaliwa."

"Moja. Na halikuzama."

Ndugu zangu, nawaambia kweli, haukuwa ubahili. Kila asubuhi mashine zikifunguliwa, kila moja iliandika "Karibu", kisha jina langu. Nilipita kati ya meza kama tajiri anayekagua minazi yake. Huku mimi, huku mimi. Baada ya ile namba ya kadi, ilikuwa tamu mno.

Sasa, neno la siri. Niliweka jina la boti langu. Mnacheka, basi mnalikumbuka. Siri gani hiyo? Karani alikwama siku moja, akaniuliza kwa sauti nikiwa nje, nikamjibu kwa sauti, na muuza samaki akasahihisha herufi. Kisha mpwa wangu wa Mombasa akaliomba, nikampa, kwani kwetu mtu hanyimwi maji ya kisima. Mpwa akampa mkewe. Mkewe akampa kaka yake aliye Ulaya. Kaka naye ana rafiki. Sikujua kwamba leseni ile ina kikomo cha mashine, na kila anayeingia anakalia nafasi.

Ndipo akaja mama mmoja wa Chula. Siku tuliyokimbia, watu walipokuwa wanasukumana majini, mwanawe mdogo aliinuliwa akatiwa kwenye chombo kingine, na vyombo vile havikufika pamoja. Mtoto alilelewa na watu wema, akafika Ulaya, akamtafuta mama yake mpaka akampata. Sasa wakili wa mwana, aliyeomba mama aruhusiwe kumfuata mwanawe Ulaya, alitaka maelezo ya mama, yaandikwe ndani ya faili alilotuma yeye, yarudi kabla ya adhuhuri ya siku ile. Yakichelewa, ombi linafungwa na wanaanza upya. Na yule mama, mnamwona, si msichana.

Akaketi, akasimulia, karani akaandika. Alipofika pale ufukweni, pale mkono wa mtoto ulipochomoka mkononi mwake, karani alibonyeza na herufi haikutoka. Kioo kikaandika kwamba akaunti hii inatumika kwenye mashine nyingi kupita kiasi. Kusoma mnaweza, kuandika hamwezi.

"Mbona umesita, mwanangu?" akauliza mama. "Ndiyo kwanza nafika pwani."

Karani akahamia mashine ya pili. Ile ile. Ya tatu, ile ile. Zote zilikuwa na jina langu na zote zilikuwa mabubu.

Nikampigia muuzaji, nikamweka kwenye spika, nikaanza na ukali. "Ofisi moja, leseni moja! Hata boti langu..."

"Mzee," akasema, "hiki si chombo. Leseni hii ni ya mtu."

Mama wa Chula akainua kichwa. "Kumbe ni ya mchu, si ya chombo! Na miye ni mchu. Nipeni yangu."

Muuzaji akacheka, akasema dawa ipo. Atatufungulia ile ya pamoja: kila mtu anaingia kwa jina lake, leo mashine hii, kesho ile, leseni inamfuata, na akiondoka anaacha kiti wazi. "Lakini kwanza, mzee, jina lako litoke kila mahali."

Nikauliza swali ambalo hata leo naona haya kulirudia. "Halibaki hata kwenye mashine moja?"

Mama akanitazama, bila hasira. "Kaka, lako lilishajulikana toka enzi za boti. Langu miye lijulikane lini?"

Nikainuka, nikazunguka meza zote, nikajitoa kwa mkono wangu. Nilidhani itauma. Nilipomaliza nilijiona mwepesi, kama mtu aliyetua gunia alilosahau kuwa analibeba. Simu yangu ikalia: shemeji wa mpwa, kutoka Ulaya, "Mjomba, programu imekufa!" Karani akachukua simu akamwambia, "Haijafa, imerudi kwa wenyewe."

Karani akaingia kwa jina lake. Kioo kikamkaribisha, na alivyotabasamu nilijua nilikuwa nimemnyima nini. Akaandika mkono uliochomoka, na kilio, na vyombo viwili. Ilipobaki sentensi ya mwisho, mama akasema, "Hiyo naandika mwenyewe." Tukamfungulia akaunti yake. Akabonyeza kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi kama anayechambua mchele, huku muadhini anakohoa kwenye kipaza sauti na sisi tunamwombea akohoe zaidi. Akaandika: *Mimi ndiye mama yake.* Tukatuma. Adhana ikaanza.

Jibu limekuja, ndugu zangu. Anaondoka wiki hii kwenda kwa mwanawe. Viatu vya baridi alivyoletewa na mwanawe ameshavivaa, mnaviona, na joto lote hili.

Nawashukuru. Yule muuzaji, aliyerudia kunieleza mimi niliyemkatiza. Karani, aliyevumilia kukaa chini ya jina langu. Nanyi nyote, mliochanga kulipia nafasi za wenzenu kwenye leseni mpya bila kuniuliza nilikosea vipi. Kosa lilikuwa langu. Nilinyang'anywa jina, na nilipolipata tena nikalitandaza mpaka nikawafunika wenzangu. Aliyewahi kuitwa namba ndiye wa kwanza kupaswa kuuliza mwenziwe, wewe waitwa nani?

Kwa hiyo jina la mama huyu silitaji. Si kwa kumsitiri tu. Nimesema kwa niaba ya watu muda wa kutosha. Simama, dada yangu, na viatu vyako hivyo. Litaje mwenyewe.