Katibu Asiye Mwanachama

Ijumaa hii, tarehe 30, Dada Kalamu anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya uuguzi, mingi katika wodi ya wanaume. Jina hilo alilipata kwa mwandiko wake. Katika hospitali ambayo hata mfamasia husoma vyeti vya dawa kwa kubahatisha, wake ulisomeka kutoka mlangoni.

Yeye na wenzake watano ndio walioanzisha Chama cha Heshima cha Wauguzi, wakiwa wamekalia marobota ndani ya stoo ya mashuka. Nia ilikuwa kuwatambua wauguzi hodari, na sharti lilikuwa moja: rekodi isiyo na doa. Yeye akawa katibu.

Mwaka wa tisa wa chama, vitanda vilisogezwa ili wodi ipigwe deki, vikarudishwa ovyo. Dada Kalamu alifuata namba ya kitanda iliyoandikwa ukutani, hakuuliza jina, akampa mgonjwa kidonge cha presha cha jirani yake. Mgonjwa alipata kizunguzungu, akalala, akaamka mzima. Hakuna aliyeona. Yeye mwenyewe alimweleza daktari, kisha akaandika ripoti.

Chama kikakaa, kikamvua uanachama na beji. Muhtasari aliuandika yeye. Na kwa kuwa sisi wengine tunaandika kama kuku anayeparura, tulimwomba bila haya aendelee na ukatibu. Akaendelea, miaka kumi na minane, na chai ya kikao alikunywa kama kawaida.

Aibu ilituingia polepole. Hatimaye tulifuta sharti la doa. Sasa beji hupewa muuguzi anayesema kosa lake kabla hajaulizwa. Kila mwaka tulitaka kumrudishia yake, naye alikataa, akisema alitolewa kwa kanuni iliyokuwepo. Mumewe anasema hata nyumbani habembelezeki.

Jumanne tulimwomba atoke nje ya kikao, kwa mara ya kwanza. Muhtasari wa siku hiyo unasomeka kwa taabu, lakini unasema kwamba kumvua uanachama kulikuwa kosa, na kosa ni la chama. Aliporudi aliusoma mara mbili, akasahihisha neno moja, akafungua sweta ili abandikwe beji.

Mikono iliyonyooshwa mwaka ule kumvua uanachama ilikuwa kumi na mmoja, na mmoja ulikuwa wangu. Nisamehe, dada. Asante kwa kazi yako yote. Tunakuombea afya, na mapumziko mema wewe na jamaa zako.