Mama Chekeche Anaondoka, Nondo Wamemtangulia

Baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye ghala letu la vyakula vikavu, dada yetu, mkaguzi mkuu wa mizigo, anastaafu tarehe 30 Juni. Wengi hapa hawalijui jina lake la kwenye kitambulisho. Wanamjua kama Mama Chekeche, kwa ajili ya lile chekeche dogo la jikoni ambalo halibanduki mkononi mwake, hata siku ya kupiga picha ya wafanyakazi.

Nimeambiwa niandike mimi kwa kuwa ndimi mwenyekiti wa kamati ya kumuaga. Mkifika chini mtaelewa kwamba hii ni adhabu.

Alianza kwa kushona midomo ya magunia, akapanda hadi kupanga mizigo, kisha ukaguzi. Kabla yake sisi tuliamini kwamba pakiti ikishafungwa, imefungwa. Yeye ndiye aliyetuonyesha tundu dogo kama ncha ya sindano kwenye mfuko wa maharage, na utando mwembamba kwenye mkunjo wa pakiti ya unga. Akatueleza kwamba mdudu mwingine wala hatoki nje, yai lake limekuja na unga tangu kwenye mashine ya kusagia. Kwa sababu yake mizigo yote ikainuliwa juu ya mbao na kusogezwa mbali na ukuta, na kilichotangulia kuingia kikawa kinatangulia kutoka. Malalamiko ya wateja yalipungua hadi dada wa mapokezi akaanza kufuma masweta kazini.

Nyumbani naye ni yuleyule. Alipomtembelea mkamwana wake mara ya kwanza, alikaribishwa sebuleni, akakutwa jikoni ameshateremsha nusu ya kabati.

"Mama, hapa ni kwangu, siyo ghalani!" mwanawe akalalamika.

"Najua, baba. Ghalani pasingekuwa hivi."

Mkamwana alinuna wiki nzima, halafu akapiga simu kuuliza chekeche zuri linauzwa wapi.

Basi mwezi uliopita, maofisa wa afya wakiwa karibu kuja, nondo wadogo wa unga wakaanza kuruka kwenye korido ya ofisi. Wangekutwa viwavi kwenye mizigo, ghala lingefungwa, na dada yetu angeondoka na doa alilolikwepa maisha yake yote ya kazi. Usingizi ulimpaa. Alifungua katoni za tambi, za unga, za karanga, za mchele, asione kitu.

"Hawa wanazaliwa wapi?" alituuliza. "Nondo hawaji ofisini kuomba kazi."

Sisi wanakamati tulikuwa na wasiwasi mwingine kabisa. Kila alipokisogelea chumba cha mafagio, mmoja wetu alimkimbilia: mara bosi anakuita, mara una simu, mara njoo uonje chai hii. Humo ndimo tulimoficha kapu la zawadi yake. Tangu mwanzo wa mwaka kila mfanyakazi alikuwa ameleta pakiti ya chakula, iwe unga, maharage au zabibu kavu. Tukalifunika kapu kwa karatasi ya kung'aa, tukalipiga utepe, tukalisukuma nyuma ya bomba la maji ya moto. Giza, joto, na hakuna wa kuwasumbua. Nasi ndio tunaolipwa kuzuia wadudu! Hata tungekusudia kuwafuga, tusingewapatia makao mazuri kama yale.

Nilimwomba Mungu kwa moyo wangu wote asifike pale. Mungu, kwa rehema zake, alininyima.

Alipofungua mlango nondo walimlaki usoni. Akaisoma kadi: "Hongera kwa kazi njema." Akatugeukia.

"Nani amelifunga hili?"

Fundi umeme alininyooshea kidole bila hata kumeza mate. Nimeshamsamehe, ila bado namwombea.

"Umefunga vizuri, mwenzangu," dada akaniambia. "Hakuna hata mmoja aliyekufa njaa."

Bosi akapendekeza lichomwe kimyakimya, yaishe hapohapo. Dada akakataa. "Miaka yote nawaambia watu ukweli kuhusu unga wao. Leo ni wangu, ninyamaze?"

Kapu likachomwa, chumba kikasuguliwa, mizigo ikakaguliwa upya. Maofisa walipofika, aliwapeleka kwenye chumba cha mafagio kabla hawajauliza lolote.

"Walizaliwa hapa," akawaambia. "Ndani ya zawadi yangu."

Mkubwa wao alijikaza, akashindwa, akacheka hadi akavua miwani. Halafu akaivaa, wakapekua ghala zima kutwa nzima. Mizigo ilikuwa safi. Tulipopewa kibali, Mama Chekeche aliketi kwenye ngazi akajifuta macho kwa upande wa kanga, na hakuna aliyethubutu kumletea chai.

Dada, asante kwa kutulea, na kwa kutuvumilia. Kamati imekununulia zawadi nyingine: makopo ya bati yenye mifuniko ya kukaza, makubwa kwa madogo, yote matupu. Tumeyakagua. Tafadhali, yakague tena. Mungu akupe afya, akupe wajukuu wasikivu kuliko sisi, na unga wako, popote utakapouweka, ubaki kuwa unga tu.