Fundi Osward na Waya wa Mita Mia Moja

Fundi Osward Sikujua anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya kuitumikia karakana yetu ya Nsemulwa kwa miaka thelathini na mmoja. Alianza na redio za betri, akahamia simu za mezani, na miaka kumi na miwili ya mwisho amefunga kamera za ulinzi majumbani, hapa Mpanda na vijiji vya jirani.

Kamera alizipenda kwa sababu, kama alivyozoea kuwaeleza wateja, waya mmoja wa mtandao unapeleka umeme na kurudisha picha. Lakini alikuwa na masharti yake. Kila kichwa cha waya alichokibana alikivuta kwa nguvu mbele ya mwenye nyumba, hata wengine wakadhani anawaharibia mali. Urefu alipima kwa hatua, kisha kwa futi, kwani waya ukizidi mita mia moja hauaminiki. Kwenye harusi ya binti yake Lusia tulimkuta anahesabu hatua ukumbini, eti anatafuta pa kuweka spika. Na alishatangaza kwamba fundi atakayebahatisha urefu atafute kazi nyingine.

Masika ya mwaka 2021, Mama Nyanzala wa Litapunga, aliyekwisha kuibiwa ng'ombe wawili, alihamisha zizi lake, kama wafugaji wanavyofanya tope likizidi. Kamera nayo ikabidi ihame. Fundi aliyetumwa aliunga kipande cha waya bila kupima, akaona picha safi mchana, akala ugali aliokaribishwa, akaondoka. Giza lilipoingia kamera ikawasha taa zake, umeme uliofika kule mwisho haukutosha, ikazima. Ikawa hivyo siku tatu, na mama wa watu akalinda ng'ombe wake mwenyewe kwa tochi.

Osward alikwenda akapima: mita mia moja thelathini na nne. Akafunga jikoni, katikati ya njia, swichi ndogo ya mtandao, kisanduku kinachopokea waya mmoja na kuutia umeme upya waya wa pili, waya ukawa vipande viwili vifupi, na jioni ile kamera haikuzima. Mama Nyanzala alitaka kujua kosa lilikuwa la nani. Osward alimjibu kwamba kosa ni lake yeye, akamwomba radhi. Kwenye daftari la kazi aliandika hivyo hivyo, kwa hiyo hakuna aliyefukuzwa.

Fundi yule ni mimi, Ezekia Malale. Nilikuwa na miezi mitano kazini na mke wangu alikuwa mjamzito. Mzee hakunisema wala hakuligusia tena jambo lile, ila wiki nzima alinipimisha uzio wa karakana kwa hatua. Leo nasimamia mafundi sita, na miaka yote hii nimeona aibu.

Mzee Osward, tunakushukuru sote, na mimi zaidi. Tunakuombea afya, mvua nzuri kwenye mpunga wako wa Usevya, na usingizi wa kutosha. Jumamosi nakwenda Litapunga kumwambia Mama Nyanzala kosa lilikuwa la nani.