Moto Gani Ulizimwa Hapa

Benchi la kahawa la Mama Riziki liliegemea ukuta wa jengo la zamani la pompie, yaani wazimamoto, katikati ya Baraka. Jengo lenyewe lilikuwa na milango miwili mipana ya kupitisha lori, mnara mwembamba uliopita paa zote za jirani, na sakafu ya saruji iliyoinamia barabarani. Tangu akimbie vita vya milimani, Mama Riziki alikuwa akilala humo na watoto wanne. Komine, yaani ofisi ya mji, ilitaka kulibomoa Jumatatu. Asubuhi hii afisa angekuja kuuliza historia yake. Likionekana la maana, lingebaki.

— Mi njo nitasema naye, alisema Guy, mteja wa kila asubuhi, aliyeitwa Enjenia kwa sababu aliwahi kujenga choo kikasimama. Ule munara bazungu balijenga juu ya kukausha tiyo, ile mipira ya maji. Tiyo ikibaki na maji ndani, inaoza.

— Tiyo gani ya urefu ule? aliuliza Mahmudu, jina la kijiweni Radio. Munara ni ya kuangalia. Pompie moja alikuwa anakaa kule juu, anaona moto mpaka Lweba.

— Akiona moto ya Lweba, atafika siku gani?

— Balikuwa na kamio mbili za kuzima moto, lori nyekundu.

— Tatu. Ya tatu bale bazungu Babeleji baliizika chini ya sima, hii saruji, mbele ya kurudia kwabo. Njo maana sima inainama.

Mama Riziki akaongeza tangawizi kwenye birika. Sakafu iliinama ili maji yatoke. Hata mtoto wake wa mwisho alilijua hilo, kila alipokojoa usiku.

— Mama Riziki, tuongezee kidogo, alisema Radio. Tunakupigania nyumba.

— Mupigane na mambo ya kweli.

— Kweli bila chumvi, nani ataiandika?

Saa nne haijafika, mnara ulikuwa umeona hadi Kalemie, na chini ya jengo palikuwa na njia ya siri mpaka ziwani.

Afisa aliyekuja alikuwa mwanamke, Suzanne, viatu vimejaa vumbi. Aliketi, akanywa kahawa, akaandika mnara, akaandika milango. Kamio iliyozikwa hakuiandika.

— Sasa, ba-baba, hii nyumba ilizimaka moto gani?

— Namna gani, Madame? aliuliza Enjenia.

— Moto moja. Wapi, na mwaka gani. Nikipata moja tu, nitaenda kuitetea.

Radio akamtazama Enjenia. Mwaka soko lilipoungua, watu walichota maji ziwani kwa ndoo na madumu, na milango hii miwili ilikuwa na kufuli. Duka la baba yake Enjenia, lililoungua siku hiyo, lilikuwa hatua thelathini kutoka hapo.

Mama Riziki alisubiri. Tangu asubuhi walikuwa wamezika lori na kuchimba ardhi. Sasa ulihitajika uongo mmoja mdogo, wenye mtaa na mwaka, nao wote walitazama vikombe vyao.

— Ata ya jikoni? aliuliza Suzanne taratibu.

Mama Riziki akafuta mikono kwenye kitenge.

— Madame, bale ba kubomoa batafika Jumatatu saa ngapi? Niko na batoto banaendaka ku masomo.