Wasifu wa Mdogo Wetu Viti Vitupu, Mtunza Daftari la Safari za Kazini

Ndugu waombolezaji, mdogo wetu huyu alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, mtoto wa tatu na wa mwisho wa mchoma matofali na mshonaji. Alitoka amefumba macho, halafu akafumbua moja. Mama alisema, "Huyu anatuchungulia kwanza kabla hajakubali kukaa." Mimi kaka yake nilikuwa na miaka sita, nami nikamtilia shaka tangu siku ile, maana alichukua upande wangu wa kitanda.

Shule aliianza Januari 1968, akamaliza darasa la saba mwaka 1974, kisha akasomea ukarani miaka miwili. Mimi niliishia darasa la nne, lakini tarehe hizi nimezinakili kwenye vyeti vyake, msizishuku. Mwalimu mkuu alimshuku kwa wizi wa chaki. Chaki alikuwa nazo kweli. Alikuwa akichora alama kwenye nguzo za njiani, ajue amefika wapi kengele ya kwanza inapolia. Alichapwa. Baadaye mwalimu akaenda kuziangalia nguzo zenyewe, akarudi akamwongezea chaki.

Tarehe 2 Julai 1979 aliajiriwa kiwanda cha mablanketi kama karani wa getini, akiandika magari yanayoingia. Mwaka 2004 uwanja ukajaa mpaka watu wakawa wanaegesha kwenye mlango wa zimamoto, na barabara ya kiwandani asubuhi haisogei. Wakubwa wakamwambia, "Wewe unayajua magari yote, yapunguze." Ndipo ilipoanza kazi aliyoifia. Aliwabembeleza hao wakubwa mpaka wakakubali kulipa nusu ya tiketi ya basi ya mwezi kwa kila mfanyakazi. Zamu zikapishana nusu saa, watu wasifurike barabarani kwa pamoja. Wa baiskeli wakajengewa banda na bafu. Waliobebana watatu au zaidi kwenye gari moja wakapewa kivuli karibu na mlango. Aliyekuja peke yake, hata awe mhasibu mkuu, jua lilikuwa lake. Likawekwa na gari moja la dharura, ili aliyeacha gari lake nyumbani, mtoto akiugua, arudishwe kwake saa yoyote.

Mnadhani walishukuru? "Mkono mtupu haulambwi," fundi wa mitambo aliwaambia wenzake kantini, "na uliojaa usiulambe kabla hujaunusa. Mwajiri akulipie nauli? Hapo kuna kitu." Maana ili awapange, ilibidi marehemu awaulize: unakaa wapi, unatoka saa ngapi, nyumbani unalea nani, garini mwako pana viti vitupu vingapi? Yote akayaandika kwenye daftari lenye jalada jeusi. Jina la Viti Vitupu likamganda. Wengine wakamwita mpelelezi. Mpakiaji mmoja, kwa kejeli, alimwandikisha kwamba anakaa kwenye makaburi haya haya tuliyopo. Marehemu akaja mpaka hapo getini, saa mkononi, akarudi kumwambia, "Kwako ni dakika arobaini, ndugu yangu, lakini basi la kukurudisha sikuliona." Mpakiaji akacheka mpaka akakaa chini, akampa anwani ya kweli.

Alifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1984 na shemeji yangu huyu, aliyekuwa akishona mapindo ya mablanketi, wakajaliwa watoto watatu. Mwaka 2005 shemeji alikuja kibandani kwangu, ninapotengeneza baiskeli, akanong'ona, "Shemeji, mdogo wako anatoka saa kumi alfajiri. Kazi yake inaanza saa mbili. Huyo mwanamke anakaa wapi?" Lisemwalo lipo, nikajisemea. Nikachukua baiskeli ya mteja, Mungu anisamehe, nikamfuata. Alisimama mbele ya nyumba moja, na kweli akatoka mwanamke. Wakasalimiana, mwanamke akatangulia, naye akafuata nyuma hatua ishirini, akitazama mara saa yake, mara taa za barabarani. Mpaka kituo cha basi dakika kumi na tisa, taa tatu zimekufa. Yule mwanamke alikuwa mfumaji wa zamu ya kwanza. Marehemu hakugeuka. Alisema tu, "Kaka, mnyororo wako unapiga kelele. Utie mafuta." Mwezi uliofuata zamu ile ikasogezwa mpaka kupambazuke. Nilipomweleza shemeji, alijibu, "Sawa. Lakini bado namchunguza." Alimchunguza miaka thelathini na minne.

Moyo ulianza kumsumbua Oktoba 2018. Tarehe 21 Januari 2019 kifua kilimbana ofisini. Dereva wa gari la dharura akamwambia, "Panda, mzee, gari hili umelileta mwenyewe." Akajibu, "Akipiga simu mwenye mtoto, je?" Wakabishana mpaka dereva akambeba mzobemzobe. Hospitalini meneja mpya alikuja mara tatu kumjulia hali. Ningefurahi, ila kila mara alianza kuulizia daftari, hali ikafuata. Alipotoka mara ya tatu, marehemu alinishika mkono. "Kaka, kiwanda kinapunguza watu. Anayekaa mbali, anayelea mgonjwa, anayelihitaji sana gari la dharura, wote wamo mle. Waliniambia ili niwapangie safari. Usimpe."

"Una hakika ndicho anacholitakia?"

"Sina hakika. Ndiyo maana nasema usimpe."

Alifariki Alhamisi, tarehe 7 Februari, saa tatu na robo asubuhi, mkewe akiwa amemshika miguu. Ijumaa asubuhi likaja shada kubwa kuliko mlango wetu, na nyuma yake karani mwenye barua ya kukusanya vifaa vya ofisi. Shemeji akapokea shada, barua akairudisha. "Vifaa vya ofisi viko ofisini."

"Mama, ni daftari tu. Lile jeusi."

"Mwanangu, umekuja kunizikia mume au kunikagua?"

Simtuhumu mtu. Meneja yuko nasi hapa, safu ya pili, na huenda nia yake ni safi kama shati lake. Lakini Ijumaa jioni na jana kutwa, mimi na shemeji tumelikata daftari ukurasa kwa ukurasa, na kila mwenye ukurasa amekuja kuuchukua mkononi mwetu. Mfumaji kachukua wake. Mpakiaji kachukua wake, na anwani zote mbili. Fundi wa mitambo aliunusa kwanza, ndipo akautia mfukoni.

Limebaki jalada na ukurasa mmoja wa nyuma kabisa, wa marehemu mwenyewe. Nausoma ulivyo: "Makazi: nyuma ya stoo ya mbao. Kutoka: saa kumi. Viti vitupu: sina gari. Anayefuatana naye: kaka, kwa siri, mnyororo una kelele." Huo ninao mimi. Meneja akiuhitaji, nitamsomea tena.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, dada mmoja, na mimi. Amefika kabla yetu, na basi la kumrudisha halipo, aliliangalia mwenyewe. Alale kwa utulivu, mdogo wangu.