Nusu ya Hesabu Iko Kifuani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Ndugu Mkurugenzi wa taasisi yetu. Mkuu wa maabara hii mpya, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wangu na leo ndiye anayenipangia muda wa kuongea. Walimu, watafiti na mafundi wa vifaa. Majirani zetu wa mitaa ya nyuma ya kiwanda, ambao hewa yenu tumeipima tangu baadhi yenu mkiwa mgongoni mwa mama zenu. Ndugu wageni waalikwa. Na wewe dada yangu, uliyekaa kiti cha mbele na mkoba mapajani kana kwamba unasubiri basi: nawasalimu nyote.

Nitaongea nimekaa. Daktari amenikataza mambo mawili, kusimama na kubishana. Kusimama nimeacha.

Nimeombwa nifungue chumba hiki na nieleze kazi yake. Kila mtu anajua kwamba hewa chafu inadhuru. Hilo halihitaji maabara, linahitaji pua tu. Lakini ni kiasi gani cha uchafu huo kinachomfikia mtu huyu hasa, wala si jirani yake? Mtambo wetu ulio juu ya paa unaijua vizuri hewa ya paani. Nani kati yenu anaishi paani? Mtu anaamka, anawasha jiko, anapita kando ya barabara, anaingia karakana ya kupaka rangi, anarudi, anafunga madirisha kwa sababu ya mbu, kisha anachoma dawa ya mbu na kulala katika moshi wake. Hewa ya mtu inatembea naye kama kivuli. Anayetaka kuipima hana budi kumvalisha kifaa.

Kifaa chenyewe wengi mmekiona: pampu ndogo inayotosha kiganjani, mnaifunga kiunoni, mpira mwembamba unapanda mpaka kwenye ukosi wa shati, na mwisho wa mpira kuna kichujio cheupe, mviringo kama sarafu. Pampu inavuta hewa unayoivuta wewe, na kichujio kinabaki na kile ambacho mapafu yako yangebaki nacho. Jioni unakipima kwenye mizani ambayo ukipiga chafya karibu nayo inakasirika.

Mara ya kwanza tulivigawa kwa wanawake waliokuwa wakipika vyakula vya kuuza. Tuliwasisitizia kwamba vifaa hivi vimetoka mbali, havina vipuri, wavitunze kama mboni ya jicho. Vikarudi. Vichujio vyote vilikuwa vyeupe kama maziwa! Mkubwa wetu wa kazi akafurahi kupita kiasi. "Moshi wa jikoni umesingiziwa miaka yote hii," akasema. Mimi nikajiuliza: mbona wanawake wenyewe wanakohoa?

Kimoja nilikuwa nimempa dada yangu huyu. Nikaenda kwake bila taarifa. Nilimkuta jikoni, macho mekundu, moshi umetanda kiasi kwamba nilimjua kwa kikohozi kabla sijamwona. Kiunoni hana kitu. Nikasikia mngurumo mdogo kabatini. Nikafungua: kifaa kiko katikati ya mashuka, kimefungwa kitambaa safi, kinapumua kwa raha zake.

"Dada, mbona hujakivaa?"

"Nikivae nipike nacho? Si kitaingia moshi!"

"Lakini dada..."

"Kifaa cha watu hicho. Nikirudishe cheusi, waseme dada yako mchafu?"

Tukawazungukia wote. Mmoja alikitundika uani penye upepo, mwingine alimpa mama mkwe akae nacho sebuleni. Tulikuwa tumepima, kwa usahihi mkubwa sana, pumzi za makabati. Je, walikosea wao? Walifanya tulichowaambia, tena kwa heshima kubwa kuliko tulivyostahili.

Siku ile niliona kwamba sijui hata kidogo kuishi na kitu nilichokuwa nikiwavalisha wenzangu. Nikajifunga kimoja mwenyewe. Nilidhani ningekivaa kwa muda mfupi tu. Ikawa kila mwaka, kiangazi na masika, mpaka nikastaafu. Marehemu mke wangu alikiita mke mwenza. "Leo mwenzangu analala upande gani?" alikuwa akiuliza, kwa sababu kilinguruma usiku kucha na mimi sikukubali kukizima. Na niwaambie, mambo niliyoyaona yalinifanya nisichoke. Mnadhani kichujio kilichotoka cheusi kuliko vyote ni cha siku niliyoshinda kiwandani? Hapana. Ni cha siku niliyojifungia ofisini kuandika ripoti ya hewa chafu, jenereta la taasisi likitoa moshi chini ya dirisha langu.

Vichujio hivyo vyote vimo kwenye droo za chumba hiki. Kwa hiyo sasa, ndugu zangu, mnajua karibu kila kilichoingia kifuani mwangu nilipokuwa mtu mzima. Msichokijua ni kilichobaki humo. Na hicho kinahitaji kutazamwa kwa macho.

Mapafu yangu yamechoka. Madaktari wameniambia kwa lugha ya upole, nami nimeelewa kwa lugha ya kawaida. Nilichotaka kukiungama leo ni kwamba nimeomba, nitakapofariki, yatolewe yaletwe hapa kabla sijazikwa. Nusu ya hesabu iko kwenye droo. Nusu nyingine iko kifuani. Mtu aliyeuliza maisha yake yote, anawezaje kuondoka na jibu mfukoni?

Lakini utaratibu wa taasisi, niliouandika kwa mkono wangu mwenyewe, unasema mkubwa wa familia akikataa, basi. Na mkubwa wa familia yangu ndiye yule mwenye mkoba. Nilimweleza wiki iliyopita.

"Wayaangalie kwa miwani gani?" akaniuliza.

"Wayatoe, dada."

"Toka hapa! Hukuzaliwa vipande vipande, hutazikwa vipande vipande."

"Ni kwa ajili ya elimu."

"Elimu umeitafuta, umeifundisha, umestaafu. Haijashiba tu?"

Akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa. Aliporudi alisema polepole, bila kunitazama: "Na wakikuta ni moshi wangu?"

Ndugu wageni, wazazi wetu walitutoka mapema. Dada huyu alinilea katika chumba kimoja. Alikaanga vitafunio humo humo, mlango ukiwa umefungwa siku za mvua, na mimi nikisoma karibu na jiko kwa sababu ndiko kulikokuwa na mwanga. Nimeandika juu ya viwanda, magari na majenereta. Juu ya chumba kile sikuandika hata sentensi moja. Niliogopa swali hilo hilo analoliogopa yeye, ila mimi nililiogopa kwa maneno ya kitaalamu.

Dada, sitakudanganya mbele ya watu. Inawezekana. Watakuta moshi wa namna nyingi, na wa chumba kile huenda umo. Kuna mambo wanaweza kuyajua: ulikuwa wa kuni au wa dizeli, ulikuwa mwingi au haba. Lakini hakuna mizani humu ndani itakayowaambia moto uliwashwa kwa ajili ya nani. Hilo nalijua mimi peke yangu, ndiyo maana nalisema kwenye kipaza sauti nikiwa bado na pumzi. Uliwashwa kwa ajili yangu. Na wewe uliuvuta kuliko mimi.

Ngoja kidogo. Dada anasema kitu. Wa nyuma hamkumsikia, anauliza, "Wakishajua, watafanya nini? Watu bado wanapikia ndani."

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, swali hilo si langu, ni lako. Naona unaandika. Andika, Mheshimiwa, wala usiharakishe.

Anaongea tena. Anasema... Subirini, msipige makofi. Anasema nichukuliwe, yaani mapafu, si mimi sasa hivi. Lakini ana sharti. Wakiona chochote wasianze na magazeti wala mikutano. Waende kwake kwanza, wamwambie kama mtu anavyomwambia mtu, bila namba.

Mkuu wa maabara, umesikia. Nilikufundisha kuandika matokeo. Kuyapeleka sikukufundisha, kwa sababu na mimi sikujua. Nyumba ya dada unaifahamu. Usiende na ripoti. Nenda na muda wa kukaa, na akikunyamazia, kaa.

Chumba nimekifungua. Nawashukuru nyote kwa kunitegea sikio.